Boma Lililofutwa kwa Kitufe Kimoja

Uliliona lile dawati. Usiseme hukuliona. Lilikuwa mstari wa pili, karibu na dirisha, na kwa siku nne hakuna aliyelikalia. Ulipita ukienda kunoa penseli, ukaweka begi lako juu yake kwa kuwa lilikuwa tupu, ukarudi kwako ukaketi. Mwalimu aliita jina, kimya kikamjibu, akatia alama ya kosa kwenye sajili, akaita jina linalofuata. Gredi ya saba nzima, vichwa arobaini na sita, na hata mmoja hakuuliza: Purity yuko wapi?

Kadii Mwaro naye hakuuliza, na yeye ndiye aliyekuwa akigawana vitabu na Purity tangu gredi ya nne. Hakuuliza kwa sababu alikuwa na haraka. Kadii alikuwa na haraka siku zote. Alfajiri alikimbia na mitungi kupanga foleni ya maji ya bauza, lile lori la tangi, maana visima vya kwao, upande wa Marereni, vilikuwa vimegeuka chumvi tangu mabwawa ya chumvi yalipochimbwa pale jirani. Muhogo wa asubuhi aliula akiwa amesimama. Shuleni mguu wake ulitikisika chini ya dawati mpaka kengele ya mwisho, na kengele ikilia, mbio hadi maktaba ya jamii.

Chama cha kompyuta kilikutana huko, katika chumba cha nyuma, kompyuta tano kuukuu chini ya mabati yaliyopata moto kama kikaango. Mwalimu wao alikuwa Bi. Ruwaida, mwanamke wa mji wa kale wa Malindi, aliyejifunza kompyuta peke yake kwa kutazama masomo kwenye simu huku akiuza vitambaa katika duka la babake. Hakuwa na cheti hata kimoja, na hakuwa na subira na mtu mzembe.

Mwaka huo chama kilikuwa kikiiandikia zahanati ya kijiji programu ya kutunza taarifa za wagonjwa. Taarifa zilikaa katika majedwali: jedwali la watu, jedwali la dawa, jedwali la tarehe za kliniki. Wanafunzi hawakuyagusa majedwali yenyewe. Waliyaeleza kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, na programu nyingine ya katikati ikayatafsiri maelezo yao kuwa amri za hifadhidata. Hiyo ya katikati Bi. Ruwaida aliiita mkalimani.

“Mkalimani hana akili,” aliwaonya siku ya kwanza. “Ukimwambia uongo, atautafsiri vizuri sana. Nanyi mtamwambia mambo mawili. Jedwali hili lina nini ndani yake, na jedwali hili limeshikana vipi na lile. La kwanza ni rahisi. La pili ndilo linaloua watu.”

“Jedwali liue mtu, mwalimu?” Zayd, aliyekuwa akiketi karibu na Kadii, hakuweza kujizuia. “Kwani limeshika panga?”

Walicheka. Bi. Ruwaida hakucheka.

“Na kila mkibadilisha muundo,” aliendelea, “mtaandika faili la mabadiliko. Namba yake, jina lako, na sababu. Faili hilo halifutwi. Anayekuja kesho lazima aweze kusoma jana ilikuwaje.”

Kadii alipewa kazi ya kuunganisha watu na maboma yao, yaani makazi ya koo zao. Ilikuwa kazi ya heshima, naye alitaka kuimaliza kabla Zayd hajamaliza yake. Bi. Ruwaida alikuwa amemwagiza jambo moja: “Mimi ni mtu wa mjini, mila za maboma yenu sizijui. Kabla hujaandika uhusiano wowote, nenda kwenye boma lolote uwaulize: mzee akiondoka, ninyi mnakuwa nani?”

Kadii hakwenda. Aende kuuliza nini? Yeye mwenyewe alizaliwa bomani. Kwao boma huitwa kwa jina la mwenyewe: kwa Katana, kwa Gona, kwa Mwaro. Basi boma ndilo mzee, na mzee ndiye boma. Hakutengeneza jedwali la maboma. Aliwatundika watu wote kwa mzee wao, mke, mtoto na mjukuu, kama vikombe kwenye msumari mmoja.

Kisha alijaribu kazi yake kwa watu wa uongo. Mzee Papai, wakeze Bi. Embe na Bi. Pera, na watoto kumi. Kila alipomfuta Mzee Papai, watoto walibaki wakielea mle ndani, hawana kwao, ikambidi awafute mmoja mmoja. Kazi hiyo ilimchosha. Mara ya nne aliongeza sharti fupi: akifutwa mzee, wafutwe wote walio chini yake. Alibonyeza. Mzee Papai na ukoo wake wote wakatoweka kwa pigo moja.

“Umefagia kama kimbunga,” Zayd alimsifu.

Kwenye faili la mabadiliko namba saba, mahali pa sababu, Kadii aliandika maneno mawili: marekebisho madogo. Bi. Ruwaida alipouliza kama alikwenda kuuliza bomani, Kadii alijibu, “Ndiyo, mwalimu.” Jibu lilimtoka upesi, kama yalivyomtoka majibu yake mengine. Akasahau.

*

Miezi mitatu ikapita, zahanati ikiitumia programu ile. Ikafika Alhamisi, siku ya nne ya lile dawati tupu, na Kadii alitumwa zahanati kupeleka waya wa kompyuta. Alifika saa tisa na nusu, akakuta kelele.

Mama yake Purity alikuwa amesimama mbele ya meza, na mgongoni, ndani ya leso, alikuwa amembeba Katana, mwanawe wa mwisho, wa miaka sita. Mtoto alikuwa akilia bila sauti, kilio cha mtu aliyelia mpaka koo limekauka. Purity alikuwa ameshika miguu ya nduguye isigonge ukingo wa meza. Macho yake yalikuwa mekundu.

Katana alizaliwa na ugonjwa wa selimundu. Chembe za damu yake hupinda zikawa na umbo la mundu, zikakwama njiani, na zikikwama, mifupa huuma. Alihitaji vidonge kila siku. Vidonge hivyo havikukaa pale zahanati. Vilitoka hospitali kubwa mara moja kwa mwezi, vimefungwa kwa majina, kufuata orodha iliyotoka kwenye kompyuta ile. Ukiwa huna jina kwenye orodha, huna kifurushi.

“Mama, nimekwambia hayumo,” alisema Muuguzi Hannah. Sauti yake ilikuwa imechoka. “Nimeandika jina mara tatu. Katana Kitsao. Kompyuta inasema hakuna mtu huyo. Na kwenye daftari la vifo, naona Katana Kitsao amefariki mwezi uliopita.”

“Huyo ni babake mume wangu Kitsao! Ni babu!” Mama yake Purity aligeuka, akaonyesha mgongo wake. “Mtoto amepewa jina la babu yake, kama wanavyopewa watoto wote hapa. Huyu niliyembeba amekufa? Maiti analia, dada?”

“Sikusema hivyo, mama.”

“Nilikuja wiki mbili zilizopita mkaniambia kifurushi hakijafika, nisubiri. Nimesubiri. Vidonge vimeisha. Siku nne hajalala.”

Muuguzi Hannah alimpokea mtoto, akamlaza, akamdunga sindano ya kutuliza maumivu na kumtundikia maji. Mikono yake ilikuwa ya upole, lakini uso wake ulikuwa umekunjamana, kwa sababu msimamizi wa zahanati, Bwana Ochola, alikuwa amekuja mlangoni.

“Hannah, wewe ndiye unayetumia mashine hii,” alisema. “Ulibonyeza nini?”

“Nilimwondoa marehemu tu. Hakuna mahali pa kuandika kwamba mtu amefariki. Kuna kitufe kimoja, Futa. Nilimfuta mzee peke yake.”

“Na mtoto je, alijifuta mwenyewe? Kesho asubuhi nataka barua ya maelezo mezani kwangu. Na orodha ya mwezi huu inatumwa leo saa kumi na moja. Hatuwezi kuandika mtu ambaye mashine haimjui. Hospitali watairudisha.”

Kadii alikuwa bado ameshika waya. Alijipenyeza hadi kwenye kompyuta, akaandika jina la Purity. Hakuna mtu huyo. Akaandika la mama yake Purity. Hakuna. Akaandika la Kitsao, babake Purity. Hakuna. Boma zima la marehemu Mzee Katana, watu kumi na wanne, halikuwamo. Lilikuwa limefagiwa kama kwa kimbunga.

Alimkumbuka Mzee Papai na ukoo wake.

“Kadii,” Purity alimnong'oneza, “si wewe unajua hizi kompyuta? Nitafutie ndugu yangu.”

“Nitaangalia,” alisema Kadii, akatoka mbio.

*

Maktabani alimkuta Zayd peke yake. Kadii alifungua folda ya mafaili ya mabadiliko. La saba lilikuwa pale pale. Jina lake. Tarehe. Marekebisho madogo. Alimweleza Zayd huku akihema.

Zayd alikuna kichwa. “Lifute hilo faili.”

“Bi. Ruwaida alisema hayafutwi.”

“Alisema. Lakini likifutwa, nani atajua ni wewe? Tena wewe hukumfuta mtu. Aliyebonyeza ni muuguzi. Yeye ni mtu mzima, atajitetea.”

Kadii aliweka kidole juu ya kitufe cha kufuta. Alikitazama kile kidole. Aliwaza jinsi ilivyo rahisi. Alimwona Muuguzi Hannah akiandika barua ya kosa asilolifanya. Alimwona Katana akilia bila sauti. Mguu wake, ule usiotulia tangu alfajiri, ulikuwa ukipiga sakafu kama ngoma.

Mlango ulifunguliwa, Bi. Ruwaida akaingia na mkoba wake begani.

“Shikamoo, mwalimu,” alisema Zayd kwa haraka mno.

“Marahaba. Mbona mna sura za wezi?”

Kadii aliondoa kidole. “Mwalimu, nilikudanganya. Sikwenda kuuliza bomani. Na niliandika sharti la kufuta wote, ili nisichoke. Mzee Katana alipofutwa, amefutika na kila mtu wake. Katana mdogo hana dawa. Orodha inatumwa saa kumi na moja. Na Muuguzi Hannah ndiye anayelaumiwa.”

Aliyasema yote kwa pumzi moja. Bi. Ruwaida aliketi taratibu.

“Na mimi nililisoma faili lako, nikaona marekebisho madogo, nikapita,” alisema. “Sikufungua ndani. Kosa ni letu wawili, lakini wewe ndiye utakayelisema, kwa mdomo wako, mbele ya Hannah na msimamizi wake. Zayd, chukua ile diski ya akiba yenye nakala za taarifa. Twendeni, ni saa kumi kasorobo.”

Zahanati ilikuwa umbali wa viwanja viwili vya mpira. Njia ile Kadii aliipita kila siku akikimbia. Siku hiyo pia alikimbia.

Alisimama katikati ya chumba. “Bwana Ochola, si kosa la Muuguzi Hannah. Mimi ndiye niliyeandika kwamba mzee akifutwa, wafutwe wote. Nilifanya hivyo kwa uvivu, na sikumwambia mtu.”

Muuguzi Hannah aligeuka, akavuta kiti akamsogezea mbele ya kompyuta. “Basi keti utengeneze,” alisema.

Purity alimpa mgongo.

Kwenye benchi alikuwa ameketi hawe yake Purity, yaani bibi yake, mjane wa Mzee Katana, aliyekuwa amefika kwa miguu kumtazama mjukuu. Alikuwa amesikia yote.

“Kwa hiyo mume wangu alipokufa, na sisi tukafa,” alisema. Hakuwa akiuliza. “Mambo haya si mageni. Nilikuwa msichana tu niliyeolewa juzi walipokuja wapimaji wa ardhi na minyororo yao. Waliuliza, boma hili la nani? Wakaambiwa la Kitsao, baba mkwe wangu. Wakaandika jina moja. Tulikuwa watu ishirini na mbili, wakaandika jina moja! Baba mkwe alipokufa wakarudi na karatasi, wakasema mwenyewe hayupo, hapa hapana mtu. Nilikuwa nimesimama mbele yao na mtoto kwenye titi. Leo nenda katazame shamba letu la minazi. Ni bwawa la chumvi.”

Kadii alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha akakumbuka swali alilotumwa miezi mitatu nyuma, akaliuliza, japo lilikuwa limechelewa. “Hawe, mzee akiondoka, ninyi mnakuwa nani?”

Bibi alimtazama kama anayemtazama mtoto aliyeuliza jua linatoka wapi.

“Tunakuwa sisi,” alisema. “Boma haliendi kaburini na mtu. Wataketi wazee wa ukoo, mwanangu Kitsao ashike nafasi, au asishike, nafasi ikae wazi mwaka mzima. Boma lipo. Kila mmoja wetu ana jina lake na miguu yake.”

“Umesikia?” alisema Bi. Ruwaida. “Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Andika alivyosema.”

Kurudisha nakala ya akiba peke yake kusingetosha. Muundo ukibaki ule ule, siku yoyote wangefutika tena. Kadii alianza na muundo. Aliandika jedwali jipya, la maboma, na kila boma likapata namba yake. Kila mtu naye akapata namba yake, maana majina mawili yanayofanana, la babu na la mjukuu, yangemchanganya muuguzi tena. Mtu akashikanishwa na boma, si na mzee. Mkuu wa boma akawa nafasi inayoweza kujazwa au kuachwa wazi. Na kwa waliofariki, akaongeza sehemu ya tarehe, ili wasifutwe: waandikwe siku waliyoondoka, wabaki katika kumbukumbu.

“Na lile sharti?” aliuliza Bi. Ruwaida.

“Nimeligeuza, mwalimu. Boma likiwa na watu, lisifutike.”

“Usiniambie. Nionyeshe.”

Kwa mkalimani walipitisha faili la mabadiliko namba kumi na mbili. Zayd akarudisha watu kutoka kwenye diski ya akiba. Ilikuwa saa kumi na dakika thelathini na tano. Kadii akatafuta boma la marehemu Mzee Katana, akapeleka mshale kwenye Futa, akabonyeza. Hawe alishtuka, akashika mkono wa mkazamwanawe.

Maandishi yakatokea: Haiwezekani. Kuna watu kumi na wanne katika boma hili.

“Soma kwa sauti,” alisema Bi. Ruwaida, na Kadii akasoma. Kisha akayasoma majina, moja moja, na Muuguzi Hannah akayalinganisha na karatasi za zamani za kliniki. La mwisho lilikuwa Katana Kitsao, miaka sita, selimundu, vidonge kila siku.

Orodha ilitumwa saa kumi na moja kasoro dakika nane. Bwana Ochola mwenyewe alipiga simu hospitali kueleza kwamba mtoto mmoja hawezi kungoja, na kesho yake mchana dereva wa hospitali alishusha kifurushi kidogo chenye jina lake. Barua ya Muuguzi Hannah haikuandikwa. Katana alilazwa siku mbili, akaenda nyumbani Jumamosi akilalamika kwamba uji wa zahanati hauna sukari.

Purity alirudi shuleni Jumatatu. Alikaa karibu na Kadii, kitabu kikiwa katikati, na hakumsemesha neno mpaka Jumatano.

“Ungesema ile siku ya kwanza,” alimwambia hatimaye. “Ungesema tu kwamba hukwenda kuuliza.”

“Najua.”

“Hawe anasema uje Jumapili. Anataka umwandikie watu wote wa boma, hata walio Mtwapa.” Purity alifungua ukurasa. “Uje na kalamu yako. Kwetu hatuna.”

Alhamisi chama kilipokutana, Bi. Ruwaida hakuwasha kompyuta. Aliandika ubaoni lile sharti la Kadii, kama lilivyokuwa kwenye faili la saba.

“Mstari mmoja,” alisema. “Aliyeuandika si mtu mbaya. Alitaka kumaliza upesi, na akasema ndiyo mahali pa hapana. Nami nikaukubali bila kuusoma. Mtoto amelia siku nne kwa mambo hayo mawili madogo. Wanangu, anayepanga majedwali anaamua nani amesimama kwa miguu yake na nani ametundikwa kwa mwingine. Hiyo ni kazi ya ukweli kabla haijawa kazi ya kompyuta. Muulize mwenyewe kabla hujaandika. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kwa jina lako. Kosa lililosemwa hurekebishwa kwa saa moja. Lililofichwa hungoja kifo cha mtu ndipo lijitokeze.”

Hakuna aliyecheka, hata Zayd.

Sasa wewe. Umesoma mpaka hapa, umesikitika, na unataka kufunga kitabu ukale. Usikifunge. Kuna orodha inayotunzwa kwenye zahanati yenu, na nyingine kwa msaidizi wa chifu, na nyingine pale shuleni pako. Hujawahi kuiona hata moja. Hujui mama yako ameandikwa kwa jina lake au chini ya la mtu aliyekwisha kuzikwa. Hujui mdogo wako yumo. Basi usingoje kesho. Inuka. Nenda leo, kabla ofisi hazijafungwa, ubishe hodi, useme shikamoo, kisha useme: Naomba nione jina langu na la kila mtu wa kwetu. Wakikwambia rudi wiki ijayo, keti kwenye benchi. Usiondoke mpaka wakusomee.